Mashua Kavu Kama Kabati

2 Juni

Mke mwenzangu,

Salamu kwanza, matusi baadaye. Mimi mzima. Magoti yangu nayo ni mazima, yakiwa yamekaa. Mjomba wako mzima, amenenepa shingo. Mkewe mzima, na sauti yake ni nzima zaidi. Hata mbwa wao mzima: anakula kwa ratiba, na mimi nimetiwa kwenye ratiba hiyohiyo, baada yake.

Anayeniandikia ni mlinzi wa getini. Mwenyewe anasema ana mwandiko mzuri. Mimi nitajuaje, sijakalia dawati hata siku moja. Mkaza mwanangu alijitolea kuniandikia, nikakataa. Mwalimu yule. Mimi nikisema "huyo mjinga", yeye anaandika "huyo ndugu". Na simu yao siitaki. Akiipiga anaifungulia ile sauti ya nyumba nzima kusikia, halafu anasimama pembeni ananisaidia kuongea na mjukuu wangu mwenyewe. Mlinzi, andika na hilo. Umeandika? Haya.

Nyumba yao ni kubwa na haina maana. Viti vimevishwa plastiki. Ukikaa vinalalamika, ukiinuka vinakung'ang'ania. Kila Jumamosi wanavihamisha, leo ukutani, kesho dirishani, mpaka miundi yangu imejaa alama kama kigogo cha kupasulia kuni. Chai wanaitia kwenye kikombe cheupe juu ya kitambaa cheupe, halafu ikimwagika wananitazama mimi. Nani akione kikombe hicho? Na lile baridi la bahari waliloniepusha nalo kwa kunileta huku, limefika lini? Mlinzi anakesha na fulana. Nimehamishwa nyumbani kwangu kwa kumwogopa mgeni ambaye hakuja.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Jumapili mezani mjomba wako alisema, "Mama, msimu ukiisha tutaona." Nikamuuliza, mtaona nini? Akahangaika na mfupa mdomoni. Mwishowe akasema ng'ambo kule hakuna barabara, na kwamba nitarudi ikiwa mashua ni nzima na mimi mwenyewe ni mzima. Kimoja kikikosekana anaifunga nyumba, nakaa huku moja kwa moja.

Mimi ni mzima. Nimekwambia hapo juu.

Iliyobaki ni mashua. Nimekuachia mashua ya mume wetu, na unajua alivyoipenda. Nilikuwa mke mkubwa kwa karatasi tu, mke wa kweli alikuwa yule wa mbao. Itunze. Mashua ile ndiyo mlango wa nyumba yangu. Ikifa, mimi nitazikwa kwenye plastiki hii nikiwa bado napumua.

Kula vizuri. Usijifunge kibwebwe mpaka ukatike kiuno.

Ni mimi, bibi yako.


20 Juni

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi sijambo, nyumba haijambo, kuku wako ni saba bado na yule mwenye kilema anawatawala wote. Barua yako ilikaa posta siku tisa. Usimlaumu karani. Nilivuka mara mbili kwa vyombo vya watu nikakuta dirisha limefungwa na viatu vyake viko mlangoni. Alikuwa anaogelea.

Bibi, hujaona kipupwe kama hiki. Maji ni ya vuguvugu tangu alfajiri. Kinyozi amehamishia kiti chake kwenye gati. Ananyoa watu miguu yao ikiwa majini, nywele zinachukuliwa na mawimbi, hafagii tena. Walimu wanasahihishia madaftari mchangani. Mimi cherehani nimeitoa barazani, nashona mapazia huku naangalia vyombo vinavyopita. Kila mwenye kitu kinachoelea yuko nacho ghubani. Jioni watu wanapiga makasia hadi kwenye fungu la mchanga, wanakaa pale, wanakula, wanacheka, wanarudi jua likizama. Hawana safari. Wanastarehe tu.

Kuna mtu mmoja hapa, fundi redio, tunamwita Kofia kwa sababu ya kofia yake ya ukili, pana kama ungo. Yeye ndiye aliyenipa wazo. Akasema mashua nzuri kama ile kuvushia unga na mafuta ya taa ni kuidhalilisha.

Basi usiwe na wasiwasi kabisa kuhusu mashua, Bibi. Nimeitunza kuliko ulivyoagiza. Tulipoagana nilimwomba kinyozi tukaipandisha juu, tukaiweka chini ya paa la ukumbi wako. Nimeisugua. Nimefungua madirisha yote ipigwe na upepo. Wiki ya tatu sasa iko kavu kama kabati, hata ukipitisha kiganja hupati unyevu. Nimeipaka rangi. Nimeshona mito sita ya kukalia, yenye pindo.

Jumapili ya tarehe 28 tunaiteremsha. Tutakuwa wanane. Ningependa ungekuwepo uione ilivyopendeza.

Msalimie mjomba na mkewe. Na mlinzi, kama anasoma hapa, ahsante.

Mjukuu wako.


1 Julai

Wewe,

Leo salamu sina. Nimetafuta nimekosa.

Barua yako imefika leo asubuhi. Tarehe 28 imeshapita, kwa hiyo sijui namwandikia nani: mtu aliye kitandani mwake au mtu aliye chini ya ghuba na mito yake sita. Mlinzi alipofika kwenye "kavu kama kabati" nilimwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia arudie tena. Akaniuliza, "Mama, kwani ukavu una ubaya gani?" Huyo ni mtu wa bara, kazaliwa na vumbi kinywani, nimemsamehe. Wewe umezaliwa hatua ishirini kutoka majini!

Kabati! Nani alikwambia mashua ni kabati? Kabati lina safari gani?

Miaka arobaini na sita umeniona, au uliambiwa, kila mashua ile ikipandishwa juu, asubuhi nabeba ndoo tatu za maji ya chumvi namwaga ndani yake kabla sijanywa chai. Mjomba wako alikuwa na ndoo yake ndogo tangu ana miaka mitano. Ulidhani tunafanya nini, tunamwagilia maua? Mbao za mashua zinakunywa. Zikinywa zinavimba, zikivimba zinabanana, na kule kubanana ndiko kunakozuia bahari. Ukizinyima maji zinasinyaa. Kati ya ubao na ubao panafunguka, pamba ya kalafati, ile inayozibia viungo, inalegea, na wewe juu umepaka rangi, huoni kitu. Kipupwe cha kawaida kina manyunyu, kinafanya kazi hiyo chenyewe, ndiyo maana sikukuagiza. Kipupwe hiki chenu cha kustarehe hakina hata tone. Nililisahau hilo. Kosa hilo ni langu, nimelisema mara moja na silirudii.

Kama bado hujaiteremsha, isogeze penye maji ya magotini, itolewe kizibo, ilale ijae maji mpaka mdomoni. Izamishe makusudi. Iache hivyo siku tatu. Ndipo uyakumbe maji, uyamwage nje, ndipo uipande.

Na huyo Kofia. Mtu mzima anatembea na ungo kichwani anakufundisha mashua ni ya nini. Kuvusha unga ni kuidhalilisha! Mashua ile imevusha wagonjwa, imevusha wachumba, mama yako alizaliwa nusu ndani yake na nusu gatini. Leo inatafutiwa heshima na fundi redio. Bahari siyo kiti cha sebuleni. Na watu wanaopiga makasia kwenda kukaa mchangani na kurudi, sisi tuliwaita wavivu wenye mikono.

Nijibu upesi. Sema neno moja tu, uko hai.

Bibi yako, mwenye hasira.


15 Julai

Bibi yangu,

Shikamoo sana. Niko hai.

Kuku hawajambo. Kinyozi hajambo, anakusalimu, anasema nywele zako amezihifadhia nafasi. Joto bado lipo. Wiki iliyopita samaki wadogo waliruka mpaka ndani ya beseni la mwalimu mmoja aliyekuwa ananawa miguu, akapiga kelele kama kaumwa, watoto wake wa darasani wakamcheka wiki nzima. Karani wa posta ameungua mabega na jua, kwa hiyo sasa anakaa ofisini, ndiyo maana nadhani barua hii itafika mapema.

Nimeshona mapazia ya zahanati yote, madirisha kumi na mawili. Mito yangu inakauka kambani. Kofia hana kofia siku hizi, mpaka watu hawamtambui.

Mashua imepumzika kidogo. Nimeona afadhali ipumzike. Usiwe na wasiwasi.

Nimekuwekea picha humu, tumepigwa na mwenye studio gatini, mimi nimekaa mbele kabisa ya mashua siku ile ya kuiteremsha. Nimeikinga na kadibodi isikunjike njiani.

Vipi magoti? Na mambo mengine?

Mjukuu wako anayekupenda.


29 Julai

Mke mwenzangu,

Salamu nyingi, kwa kuwa u hai. Mengine yote nimekukasirikia.

"Mashua imepumzika." Mashua haipumziki, mwanangu. Punda anapumzika. Mito inakauka kambani: mito hulowa kwa nini, wewe uliishona uifanyie nini, supu? Kofia hana kofia: imekwenda wapi? Unadhani kwa kuwa sikusoma sijui kusoma? Mlinzi amenisomea maneno, yaliyobaki nimeyasoma mimi. Mashua ilizama tarehe 28, na umekaa kimya wiki mbili na nusu ukinisimulia samaki wa kwenye beseni.

Huku mambo ni yaleyale. Mkaza mwanangu amenunua zulia jipya, anataka nilisifie. Nimelisifia. Siku ya pili akaniambia lile nililokuwa nasifia ni la zamani, jipya lipo sebuleni. Nikamwambia mazulia yote ni sawa kwa mtu mwenye akili. Mjomba wako ameanza kuniuliza vimaswali. "Mama, unaona vizuri?" Naona vizuri kuliko wewe, nimemwambia, maana mimi naona kwamba umenenepa.

Picha yako niliichukua. Mlinzi alipofika hapo nilimwambia asome tu barua, picha nitaitazama mwenyewe ndani penye taa. Nimeitazama. Umekonda. Hiyo rangi ya bluu umeikoza mno, imekuwa kama mlango wa zahanati, lakini mume wetu alipenda bluu kwa hiyo sisemi. Umekaa vizuri. Picha naiweka chini ya mto.

Sasa acha aibu, fanya kazi. Kama imeibuliwa, igeuze tumbo juu. Usiitazame, rangi itakudanganya. Igonge. Kunja vidole, gonga ubao mmojammoja kuanzia mbele, shavu lako likiwa karibu. Ubao mzima unajibu ko. Uliokufa unajibu pu, kama tikiti bovu. Unaojibu pu ung'oe. Kwenye viungo toa pamba ya zamani yote, usihurumie. Pamba mpya isokote kama uzi wa kushonea magunia, ilale kwenye mafuta kutwa nzima, kisha uipigilie kwa patasi butu. Butu, nimesema, si kali. Usiijaze ukadhani unajaza mto. Iwe ndani kidogo, mbao zikivimba ziipate. Mikono yako inajua kushona, na hiyo ni kushona tu, ila nguo yenyewe ni ngumu.

Na niambie ukweli. Maji yalipoingia, Kofia alifanya nini? Nataka kujua hilo kuliko yote. Mwanaume unamjua mashua inapovuja.

Msimu unakwisha. Mjomba wako anahesabu siku na mimi nazihesabu.

Bibi yako.


18 Agosti

Bibi,

Shikamoo. Wote hawajambo. Hii nimeiandika mara nne.

Ilizama. Tulikuwa wanane kama nilivyokwambia: mimi, Kofia, kinyozi na mkewe, karani wa posta, walimu wawili na mwenye studio na mashine yake ya picha. Mpaka katikati ya ghuba ilikuwa furaha tupu. Halafu mke wa kinyozi akasema, "Mbona mto wangu una maji?" Tukamcheka. Kisha kila mmoja akapapasa mto wake. Maji hayakuingia mahali pamoja, Bibi. Yaliingia kila kiungo, taratibu, kama mtu anavyotoka jasho.

Karani alisimama akaanza kupiga kelele kwamba yeye ni mtumishi wa umma. Mwenye studio aliinua mashine yake juu ya kichwa na hakufanya kingine chochote. Kofia alivua kofia. Alikumba maji kwa kofia yake, anachota anamwaga, anachota anamwaga, huku anatuonyesha kwa kidevu tu tupige makasia kuelekea kwenye fungu la mchanga. Ukili ulipokatika akaendelea na viganja. Tulifika maji ya kifuani, mashua ikakaa chini pole pole tukiwa tumeishikilia. Mito ilielea ikatutangulia kama bata. Hakuna aliyeumia.

Ilikaa chini siku tatu kwa sababu tulisubiri siku ya maji kupwa sana. Na tulipoiibua, Bibi, kwenye viungo haikuvuja! Viungo vyote vilikuwa vimejifunga. Sikuelewa mpaka barua yako ya tarehe mosi ilipofika. Ubao mmoja tu wa chini ulikuwa umepasuka ilipokalia jiwe, na ndio ulionitia aibu nikakuandikia upuuzi ule.

Nimefanya ulivyosema. Nimegonga mbao zote. Mbili zilijibu pu, pamoja na ule uliopasuka zikawa tatu. Kinyozi ametoa mbao, Kofia amezichonga, pamba nimesokota mwenyewe na patasi nimeshika mwenyewe. Vidole vyangu sasa haviwezi kushika sindano. Tangu tarehe 11 iko majini. Kila siku navuka nayo. Nimevusha unga. Ndani ni pakavu, namaanisha ukavu unaotakiwa.

Sasa, Bibi, na mimi nina neno.

Wiki iliyopita niliinua kitambaa cha meza ili nikifue. Picha ilikuwa chini yake. Ile picha. Nilitia kadibodi kwenye bahasha nikaisahau picha mezani. Haikufika kwako. Iko mbele yangu sasa ninapoandika.

Na mashua si bluu. Niliipaka njano. Ndiyo rangi iliyokuwa imebaki stoo.

Nimerudia barua zako zote. Kikombe cheupe. Viti. Zulia. Bibi, tangu lini?

Sikwambii kitu. Mashua ni nzima. Lakini mjomba alitaja vitu viwili.

Mjukuu wako.


30 Agosti

Mke mwenzangu,

Marahaba. Umenikamata. Mwizi wa siri umekutana na mwizi mwenzako.

Mlinzi alipofika pale pa kadibodi aliishusha barua. Nikamwambia soma. Akasema, "Mama, mimi nilijua." Nikamwambia, na mimi nilijua kwamba unajua, soma. Yule mtu ana adabu kuliko nyumba yote anayoilinda. Kadibodi yenyewe ninayo. Mwezi mzima naipapasa asubuhi najisemea, mjukuu wangu kakonda, mjukuu wangu kakaa vizuri. Kumbe nalisifu boksi la sabuni.

Umeuliza tangu lini. Jicho la kushoto liliondoka mwaka jana, wakati wa mvua. Nikasema si kitu, nina lingine. Hilo lingine likaona wivu likamfuata mwenzake. Kule nyumbani hukugundua kwa sababu kule siangalii, kule najua. Kidumu kipo kinapokuwa. Mlango upo unapokuwa. Huku kwa wahamisha viti ndipo nilipokuwa kipofu.

Nikakaa na barua yako siku mbili. Kisha nikaona nimekutukana kwa kuficha mashua iliyozama, na mimi nimeficha nini? Basi jana mezani nikasema. "Mwanangu, macho yangu yamekwisha." Nilivyolisema ndivyo lilivyotoka, halina mapambo.

Mkaza mwanangu alilia. Mwalimu yule! Alilia kwelikweli, na kwikwi, akasema alidhani namwaga chai kwa kumdharau. Nikamshika kichwa. Nikamwambia nakudharau, ndiyo, lakini siyo kwa chai.

Mjomba wako akasema, "Basi ndiyo umemaliza, Mama. Hurudi."

Nikamuuliza, "Kutoka jikoni kwako kwenda uani kuna vidato vingapi?" Akasema vitatu. Mkewe akasema vinne. Nikawaambia ni vitano, na cha pili kimelegea. Nendeni mkahesabu. Wakaenda, wote wawili, na tochi ya mlinzi. Wakarudi wakivuta viti. Nikasema, humu nina miezi mitatu. Kule nina miaka arobaini na sita. Sasa niambieni nani hapa haoni.

Nikampa mjomba wako barua yako aisome mwenyewe kwa sauti. Alisoma kuzama kote, akacheka kwa karani mtumishi wa umma, akasoma ubao, pamba, patasi. Kisha akaacha kusoma. Nikadhani amechoka. Akasema, "Ile ndoo yangu ilikuwa na mpini wa kamba." Nikasema ndiyo. Akasema, "Nilikuwa namwaga ya kwanza mbele, kwa sababu mbele palikuwa pananuka vizuri." Nikasema ndiyo, mwanangu, na nusu ulijimwagia miguuni. Mkewe akamwondolea sahani.

Alhamisi ya tarehe 17 Septemba ananileta. Amesema wewe ukae na mimi siku zote, usirudi kwenye chumba chako cha kupanga mjini, na uje na cherehani yako. Mimi nimekubali kwa niaba yako. Mlinzi nimemwambia akipata likizo aje nimfundishe maji ni nini. Atakuja, tayari ameuliza nauli hadi kituo cha mwisho.

Na huyo fundi redio. Alichota kwa kofia mpaka ikakatika, halafu akachota kwa mikono, na mdomo kafunga? Niletee ukili nimshonee nyingine, vidole vyangu havihitaji macho. Lakini ndogo. Ile ya kwanza ilikuwa upuuzi.

Sasa sikiliza namna ya kunipokea. Usije gatini na watu na nyimbo. Njoo na mashua. Kofia akae kwenye makasia, wewe mbele, usukani niachieni mimi. Mwamba wa kwanza nitausikia, wa pili utaunusa hata wewe. Kabla sijakanyaga nitaigonga, ubao mmojammoja, mjomba wako akiwa amesimama hapo juu na shingo yake. Kama uliacha hata pu moja, litasikika hadi kwa kinyozi. Tukimaliza kuvuka tutazunguka mpaka kwenye fungu lile la mchanga tukae kidogo, maji si yana joto? Usimwambie mtu. Mito iache nyumbani. Haya, lete mmoja.

Nilitaka kukutukana kwa ajili ya njano. Nilishatayarisha maneno, mlinzi alikuwa na kalamu mkononi. Mashua ya mume wetu, njano, kama ndizi! Halafu nikanyamaza. Maana bluu imeniacha, mke mwenzangu, na nyekundu imekuwa tope, na nyuso zenu zote ni moshi. Rangi moja tu bado inanijia, mbali, kama moto wa jikoni kwa jirani.

Usiibandue. Isimamishe mbele ya gati penye jua. Nitakuona kabla hujaniita.

Bibi yako, naja.